Mkono Uliofungwa Ubaoni

Kama umelala wodini, mkono wako umefungwa ubaoni na mpira umeingizwa kwenye mshipa pale panapovaliwa saa, nakuomba jambo moja kabla sijafika mbali: usiufungue. Hata akija nani, usiufungue. Mengine nitakayosema humu unaweza kuyasahau, hilo ndilo lishike.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Arusi, hitima, maulidi, popote sufuria kubwa inapohitajika hapa Tanga, Bakari huitwa. Nilikuwa na mkono, wallahi, si kwa kujisifu. Watu walikuwa wakionja wali wakauliza, "Huu wa Bakari?" na mimi hujifanya sisikii, kumbe nasikia sana.

Ugonjwa ulianza tumboni, kabla ya masika. Nikishika mwiko naungua kwa ndani, nikila napoa kidogo, halafu naungua tena. Nikawa nakunywa maziwa kwa siri. Choo kikawa cheusi kama lami. Naona haya kukiandika, lakini nakiandika, maana nilikificha na nusura kinizike. Mke wangu Mwanaisha alikuwa akinitazama tu, mwisho akashindwa kunyamaza.

"Baba Zaina, nenda hospitali."

"Nikaseme nini? Mpishi anaumwa tumbo? Watasema chakula changu mwenyewe kimenishinda."

"Waseme. Utakula maneno ya watu?"

Sikwenda. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilianza kuumbuka kabla hata kifo hakijafika. Tulikuwa kwenye arusi, Usagara, uani kwa watu wenye jina lao. Pilau imekaribia kuiva, nimeinama kupunguza moto, nikahisi kitu cha moto kinapanda. Nikatapika damu hapohapo mbele ya mafiga. Si kidogo, damu mabonge. Haikuingia sufuriani, naapa haikuingia, lakini nani angekula tena? Nilikuwa nimelala chini naona miguu ya watu inarudi nyuma, nikasikia mwanamke mmoja anasema, "Huyu ana kifua kikuu, na siku zote hizi anatupikia!" Halafu nikasikia sauti ya pilau nzima inamwagwa shimoni. Mpaka leo nikiikumbuka sauti ile nafumba macho.

Jirani mwenye gari alihofia viti vyake, basi nikapelekwa hospitali kwa mkokoteni, rikwama la hamali, Mwanaisha anakimbia pembeni kwa miguu mitupu. Tulipita katikati ya mtaa. Watu walitoka barazani wakatazama. Nilijifunika uso kwa kanga ya mke wangu, na kwa hilo wengine wakadhani maiti, wakaanza kusema innalillahi.

Hospitali tulikuta ukumbi umejaa watu wa homa, watoto wanalia, kina mama wamekaa sakafuni. Palikuwa na benchi refu, Mwanaisha akanikalisha mwisho wake. Nilipojikohoza kidogo, benchi zima likahama. Walinyanyuka mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake, huyu anakwenda kunywa maji, yule anamtazama mtoto. Nikabaki peke yangu na mke wangu. Akanishika bega akasema, "Afadhali, utapata pa kulala." Alitaka nicheke. Nilijaribu.

Dresa, msaidizi wa daktari, alipokuja kunishika mkono atafute mapigo, aliutafuta mara mbili, akaniachia akaenda mbio. Baada ya hapo nakumbuka vipande tu. Daktari alikuwa Mzungu kijana, Kiswahili chake chote ni cha amri: "Lala! Nyamaza! Vuta pumzi!" Walichoma sindano mkono wa kushoto, mishipa imelala, damu ya chupa haipiti. Walihamia miguuni, hola. Ndipo nikamsikia anamwambia nesi kwamba ataingia kwenye mshipa unaodunda, ule wa mkono wa kulia, aisukume damu kwa nguvu moja kwa moja. Nilihisi kisu, na baada ya kisu nikahisi moto unapanda kutoka kiganjani mpaka kwapani. Nilipiga kelele, nikatamka matusi. Mimi, mtu mzima, mbele ya msichana. Damu ile ilikuwa ya nani sijui mpaka leo. Namwombea aliyeitoa, popote alipo.

Nilipozinduka sawasawa ilikuwa asubuhi, mvua ya masika inapiga bati. Mkono wa kulia umenyooshwa juu ya ubao, umezungushiwa bandeji, na ndani ya bandeji umetoka mpira mwembamba uliokwenda mpaka kwenye kioo chenye zebaki. Kila moyo wangu ukipiga, zebaki inaruka. Nilikuwa naiona roho yangu inachezacheza pale kiooni. Daktari hakutaka kuutoa mpira bado, alikuwa anahofia damu ya tumboni itarudi na akitaka kuniingia tena asipate njia.

Aliyewekwa kuniangalia alikuwa Nesi Edita, binti wa Kibondei, umri wake haumpiti sana binti yangu Zaina. Kazi yake ilikuwa kuja, kusukuma maji kidogo kwenye mpira usizibe, kutazama zebaki, halafu kuvishika vidole vyangu kimoja kimoja. Alikuwa akibonyeza ukucha unakuwa mweupe, anauachia, anangoja urudi mwekundu. Akiridhika anasema, "Vizuri, mzee." Kisha anarudia onyo lilelile:

"Mkono huu usiukunje, usiuinue. Mpira ukitoka, damu itaruka, na vidole hivi vinaweza kukosa damu vikafa. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mwanangu."

Na nilikuwa nimesikia kweli. Nisije nikasingizia ujinga.

Lakini hebu fikiria hali yangu. Mkono wa kulia ndio wa kula, ndio wa kupa na kupokea, ndio wa kuamkia watu. Wa kushoto kazi zake mnazijua. Wa kulia umefungwa, basi nifanye nini? Edita aliniletea uji na kijiko, akanishikisha kwa mkono wa kushoto. Nikakiacha kijiko.

"Kula kwa kushoto, mzee. Mungu anaona umefungwa."

"Mungu anaona, na wodi nzima nayo inaona."

Akacheka, akanilisha yeye. Akaninawisha, akanisaidia na haja zangu, binti wa watu. Nilikuwa nageuza uso nakaza meno. Kitanda cha pili alilazwa mkulima wa Kisambaa, mzee mwenye maji tumboni. Kila Edita alipokuja na beseni, mzee yule aligeukia ukutani kwa tabu na tumbo lake lile, akakaa hivyo mpaka kazi iishe. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Sijui kama alijua alivyonisitiri.

Kesho yake, wakati wa kuangalia wagonjwa, nikatupa macho mlangoni nikamwona Mwanaisha, na nyuma yake mama yake.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Moa. Alikuwa amepanda lori la nazi tangu alfajiri aje kunitazama. Na wasiojua kwetu mkwe ni nini, nitawaambia: miaka yote niliyomwoa binti yake sikuwahi kula mbele yake, sikuwahi kumwonyesha kifua wazi, na sikuwahi kumwamkia bila kuinama na kuubusu mkono wake. Sasa niko kifua wazi, nina shuka moja, ninanuka, na mkono wa kulia umefungwa chini ya shuka. Nitampa mkono gani? Wa kushoto? Afadhali nife.

Yeye, kwa adabu zake, alikuwa anasimama kila kitanda. "Pole, mwanangu. Mungu atakuafu." Anakwenda kitanda cha pili. "Pole, baba." Kila pole yake ilinipa nafasi. Edita alikuwa mwisho wa wodi na mgonjwa anayeweweseka. Niliishika bandeji kwa meno, nikaivuta kwa mkono wa kushoto, nikaizungusha, nikafungua. Nakumbuka nilijiambia ni kidogo tu, nitamwamkia kisha nitaurudisha ubaoni. Nikajivutia shuka kifuani nikajiinua.

Akafika. Akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikautoa mkono wa kulia, nikaupokea mkono wake, nikainama nikaubusu.

Hakuwahi hata kuitika. Mpira ulichomoka, damu ikaruka. Ilimpiga usoni, ikampiga kanga yake ya kutokea, ikapiga ukuta. Alipiga ukelele, "Lailaha illallah! Nimemuua! Nimemuua mtoto wa watu!" Edita alikuja mbio akapanda kitandani kwa magoti, akabana kidole gumba juu ya mshipa kwa uzito wake wote, huku anaita daktari. Nilimwona mkwe wangu anarudi nyuma, mikono ameinyoosha mbele, inatiririka damu, hajui aifute wapi. Niliona aibu kuliko niliyoiona kule arusini. Nilitamani kitanda kinimeze.

Daktari aliufunga mshipa kwa uzi. Hakunigombeza, na mimi ningependa anigombeze. Aliuliza kwa nini. Edita akamweleza kwa Kiingereza, kirefu, na nilijua anamweleza habari ya mkwe, maana daktari alinitazama, akamtazama mkwe wangu, akauliza tena kana kwamba hakuelewa.

Kutoka hapo kazi ikawa kungoja. Tumbo lenyewe lilitulia, damu haikurudi, maziwa na dawa nyeupe vikafanya kazi yake. Lililobaki ni vidole. Edita anakuja, anabonyeza ukucha, anauachia, anangoja. Kidole cha mwisho kinarudi. Cha pete kinarudi. Cha kati kinachelewa, kinarudi. Gumba na cha shahada havirudi. Hasemi tena "vizuri, mzee." Anasema, "Tutatazama tena." Nikawa namsoma usoni kabla hajanigusa. Vilikuwa baridi, halafu vyeupe, halafu vikaingia rangi ya zambarau mbivu. Nilikuwa navisugua kwa siri chini ya shuka navisomea kila dua ninayoijua.

Siku moja dada yangu Mwanajuma alikuja, mtu wa maneno makali tangu utoto. Alivitazama vile vidole akageuka kwa Mwanaisha, mbele yangu, sauti haina simile:

"Mama yako ana mkono mbaya. Kaka yangu alikuwa anapona. Kaja yeye, kamgusa, mtu kaoza."

Mwanaisha alinitazama. Alikuwa anangoja niseme neno. Na mimi nilikuwa nimelala pale na vidole vyangu vyeusi, nikageukia ukutani. Niliona aibu: nikisema mama hana kosa, itabidi niseme mwenye kosa ni nani. Mke wangu akachukua kapu lake akatoka nje, na huko nje, barazani, alikuwa amekaa mama yake na bakuli la uji, anangoja aitwe. Sikulijua hilo wakati ule.

Kidole cha shahada walikikata chote. Gumba walilikata nusu. Mvua zilikuwa zimekwisha, kipupwe kimeanza, nikarudi nyumbani na mkono ndani ya kitambaa.

Watu wenye ugonjwa kama wangu nataka niwaambie ukweli: kupona kwa mwili kulikuwa rahisi kuliko kurudi kwa watu. Nilikwenda msikitini nikajibanza safu ya nyuma, pembeni, maana kwenye tahiyatu kila mtu anainua kidole na mimi sina cha kuinua. Niliitwa hitima, wakaniita kwenye sinia, nikasema nimekula. Nilikuwa sijala. Wali haushikiki kwa vidole vitatu, unamwagika, na mpishi anayemwaga wali kwenye sinia ya wenzake ni kituko. Rafiki zangu walinitania ili kunichangamsha. "Bakari, kidole kimoja hakivunji chawa, lakini wewe una vitatu!" Nilicheka nao nikaenda nyumbani kulala. Nikala nyuma ya pazia, kwa kijiko, mke wangu ananitilia na kuondoka. Alikuwa ananihudumia kwa heshima zote na hasemi nami ila la lazima.

Na mama mkwe hakuja. Ramadhani ikapita, Idi ikapita. Kila Idi alikuwa akileta dagaa na nazi. Nikajua ananichukia. Niliwaza ameona uchafu wangu wodini, amepigwa na damu yangu usoni, sasa mkono wangu umekatika, nani atataka mkwe wa namna hii? Nikamwambia Mwanaisha, "Mama yako ananionea kinyaa."

Alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini.

"Mama yangu? Nenda Moa ukamuulize mwenyewe, Baba Zaina. Mimi nimechoka kuwa katikati."

Nikaenda, wakati wa vuli, kwa lori la barabara ya Horohoro. Nikashuka njia panda nikatembea, mkono mfukoni mwa koti ingawa jua lilikuwa kali. Nilimkuta uani anasuka ukili wa mkeka. Aliponiona aliacha kusuka, akaingiza mikono yote miwili ndani ya kanga. Akanikaribisha, akaniulizia watoto, akaniulizia tumbo. Mikono hakuitoa. Na mimi wangu sikuutoa. Tukakaa hivyo, watu wazima wawili, kila mtu kaficha mikono yake.

Mwisho nikasema, "Mama, umetuhama."

"Nimewapumzisha."

"Kwa nini, mama?"

Alitazama ule ukili. "Mimi ndiye niliyenyoosha mkono kwanza. Namwona mtu yuko kitandani hoi, na mimi nanyoosha mkono niamkiwe. Kila nikilala naiona ile damu. Halafu nilikuwa barazani nikasikia wifi wa mwanangu anasema mkono wangu ni mbaya. Nikangoja nikusikie utasema nini." Akanitazama usoni. "Hukusema. Nikajua na wewe ndivyo unavyoona. Sasa mkono mbaya nitaupeleka wapi? Nikusalimu nao Idi, ukatike uliobaki?"

Jamani. Miezi yote ile nilikuwa nauguza aibu yangu, naikanda, naifunika, na sikujua kama kulikuwa na mtu mwingine anaugua kwa ajili yake. Machozi yalinitoka mbele ya mkwe, na hilo nalo si adabu.

"Nilinyamaza kwa aibu, mama. Nesi aliniambia nisiufungue. Nilimsikia. Niliufungua mwenyewe kwa meno yangu. Wewe huna kosa, nilipaswa kulisema siku ileile."

Nikautoa mkono mfukoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuutoa mbele ya mtu asiye mke wangu au nesi. Nikaunyoosha, na kigutu chake na makovu yake, nikangoja.

"Shikamoo, mama."

Aliutazama muda mrefu. Kisha mikono yake ikatoka kwenye kanga, yote miwili, akaupokea.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umekula?"

Akaingia jikoni, akaniletea wali na samaki wa kupaka, akaniwekea maji ya kunawa. Akaanza kuondoka, kama desturi, mkwe asitazame mkwe anapokula. Nikamwambia, "Kaa, mama." Akasita. Akakaa pembeni ya mkeka, uso ameuelekeza mlangoni.

Nikanawa, nikasema bismillahi, nikautia mkono sahanini. Nikafanya tonge kwa vidole vyangu vitatu na kile kipande cha gumba. Wali ukanitoka, ukaanguka mkekani, punje kwa punje, kuanzia sahanini mpaka magotini kwangu. Nikabaki nimeinama, uso unaniwaka, nikitaka kuacha. Nikamwona mama mkwe ananyoosha mkono wake. Alikuwa anaziokota zile punje mkekani, taratibu, anazitia kinywani, anatafuna.

"Chumvi imezidi kidogo," akasema. "Endelea kula."